Famasi tatu zimemkatalia mdogo wangu P2 (vidonge vya dharura vya kuzuia mimba). Sheria inasemaje muuzaji akikataa kukuuzia bidhaa halali?

KihondaMagorofani (mleta mada):

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa rohoni wiki ya pili sasa. Naomba tulijadili kwa utulivu, maana najua likitajwa neno P2 wengine huanza kuhubiri kabla hawajamaliza kusoma.

Mdogo wangu ana miaka 22, yuko chuo mwaka wa pili hapa Morogoro. Jumapili asubuhi alinipigia simu analia. Kondomu ilikuwa imepasuka usiku, na alishazunguka famasi mbili. Ya kwanza, dada wa kaunta alimtazama toka juu mpaka chini akamwambia hawauzi kwa watoto. Mdogo wangu akatoa kitambulisho cha NIDA. Jibu likabadilika: "Kaolewe kwanza." Ya pili aliambiwa dawa imekwisha, na huku pakiti anaziona kwa macho yake kwenye kabati la kioo.

Nikatoka nyumbani tukaenda wote ya tatu. Kaka wa pale aliuliza ni ya nani. Nikamwambia ukweli. Akasema yeye hawauzii wasichana ambao hawajaolewa, ndio msimamo wake. Nikamwambia basi niuzie mimi, nina ndoa na watoto wawili. Akajibu kwamba sasa ameshajua inakwenda kwa nani.

Unajua tuliipataje? Mwanafunzi mwenzake wa kiume alikwenda kwenye famasi ile ya kwanza, kwa dada yule yule, akapewa. Hakuulizwa umri, hakuulizwa ndoa, hakuulizwa hata ni ya nani.

Dawa hii ni mbio na saa. Kwenye karatasi yake imeandikwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Sisi tulipoteza karibu saa tisa tukizunguka mjini kwa bodaboda.

Swali langu: dawa inauzwa bila cheti cha daktari, mnunuzi ni mtu mzima, hela anayo mkononi. Muuzaji anaruhusiwa kukataa? Na kama anaruhusiwa, mpaka wake uko wapi? Majina ya famasi siyataji, msiniulize.

MangiWaKona:

Pole sana dada, na mfikishie mdogo wako pole. Ila mimi nina duka mwaka wa 14 huu, acha niseme upande wa kaunta, kwa sababu hapa kila mtu ataandika kama mteja.

Kukataa kuuza ni sehemu ya kazi. Kila siku nakataa. Nakataa kukopesha, na kibao nimekiweka juu ya mizani: kukopa harusi, kulipa matanga. Nakataa kumuuzia mtoto aliyetumwa sigara na baba yake, na hapo wazee hunijia juu kweli kweli, "mimi ndiye niliyemtuma, wewe nani?" Mimi ni yule ambaye sheria ya tumbaku ya 2003 itamkamata, ndiye mimi. Chini ya miaka 18 hapati sigara kwangu, hata baba yake awe mjumbe wa nyumba kumi. Nakataa kumuuzia aliyelewa akaanza kutukana wateja. Nakataa noti iliyochanika vipande viwili.

Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika, serikali ikaweka bei elekezi na bado mzigo hauji, alikuja mtu na pikipiki akitaka kilo zote 40 nilizobaki nazo, anaongeza hela juu. Nilimkatalia. Nikasema kila mteja kilo moja mpaka iishe. Hela yake ilikuwa halali na sukari yangu ilikuwa halali. Nilikosea?

Kwa hiyo mkisema muuzaji asiwe na haki ya kukataa, mmeua biashara ya watu. Mtaji wangu, leseni yangu, na kesi zikija ni zangu.

KihondaMagorofani:

Mangi, nashukuru, na hukukosea. Lakini angalia: ile kilo moja ilimhusu kila aliyeingia dukani. Angekuja mkuu wa wilaya angepata kilo moja, na mama muuza vitumbua naye kilo moja. Mdogo wangu hakuambiwa "tunauza pakiti moja kwa kila mtu". Aliambiwa yeye ni nani.

WakiliNjiapanda:

Nimekuja. Nitajaribu kuandika bila lugha ya mahakamani.

Kanuni ya msingi iko upande wa Mangi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inataka makubaliano yawe ya hiari kwa pande zote mbili. Bidhaa kukaa kwenye rafu na bei yake imebandikwa, hiyo bado siyo ahadi ya kukuuzia. Kesi wanayofundishwa wanafunzi wote wa sheria ni ya Uingereza ya mwaka 1953, Chama cha Wafamasia dhidi ya Boots. Mahakama ya Rufani ilisema mteja anapochukua kitu rafuni na kukipeleka kwa keshia, yeye ndiye anayependekeza kununua. Duka ndilo linalokubali au kukataa.

Na mleta mada, kesi ile ilihusu dawa. Boots walikuwa wamefungua duka la kujihudumia, na sheria ilitaka dawa za kundi la sumu ziuzwe chini ya usimamizi wa mfamasia. Boots walishinda kwa sababu mauzo yanafanyika pale kwa keshia, na pale alikuwepo mfamasia mwenye uwezo wa kusema hapana. Maana yake haki ya kukataa ilitambuliwa ili kumlinda mteja na madhara ya dawa. Tazama imefika wapi leo.

Sasa upande wa pili. Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 13, inakataza ubaguzi, na inautafsiri kuwa ni kuwatofautisha watu kwa utaifa, kabila, pahala walipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia au hali yao ya maisha. Kijana wa kiume kapewa, msichana kanyimwa, dawa ile ile, kaunta ile ile. Hiyo ni jinsia, haihitaji darubini.

Tatizo liko kwenye Ibara ya 13(4), inayokataza kubaguliwa na mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka chini ya sheria au shughuli za Mamlaka ya Nchi. Mwenye duka binafsi atasimama aseme: mimi siyo mamlaka, mimi nauza. Hapo wakili wake atapata pa kushikilia. Binafsi naona ni pengo, na ni pengo kubwa.

Ziko sheria mahususi zinazoziba sehemu ya pengo hilo. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza mtu yeyote, hata muuza genge, kumbagua mwenzake kwa sababu ana virusi au anadhaniwa kuwa navyo. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Na wafanyabiashara wengi hawajui hili: Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kukubaliana kumsusia mtu. Duka moja likikukatalia ni jambo moja. Maduka matano ya mtaa yakikaa kikao kwamba fulani asiuziwe, hilo ni la Tume ya Ushindani.

MlolongoKwetu:

Hapa Kenya mambo ni tofauti kidogo, na ningependa ndugu zetu wa Tanzania walione hili. Katiba ya 2010, Ibara ya 20, inasema Sheria ya Haki inawafunga watu wote, si dola pekee. Kisha Ibara ya 27(5) inakataza mtu kumbagua mwenzake kwa misingi iliyotajwa katika 27(4). Soma orodha hiyo: jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, hali ya afya, kabila, umri, ulemavu, dini, mavazi, lugha.

Hali ya ndoa! "Kaolewe kwanza" ingesemwa kwa kaunta ya Nairobi, imegonga Katiba moja kwa moja.

Lakini nisijigambe. Mwaka wa 2015 kulikuwa na mkahawa wa Wachina huko Kilimani uliokuwa ukiwafungia Waafrika mlango kuanzia saa kumi na moja jioni, ati kwa ajili ya usalama. Watu walikasirika, serikali ya kaunti ikaufunga. Na mwenye mkahawa aliposhtakiwa, shtaka lilikuwa la leseni. Ubaguzi wenyewe haukufika mbele ya hakimu. Katiba tunayo nzuri sana, ila mtu akikatazwa kuingia kwa duka bado anaona afadhali atafute duka lingine kuliko kwenda kortini kwa miaka.

MzeeWaUkutu:

Wanangu, nyinyi mnazungumza kama jambo hili limeanza jana. Enzi za mkoloni sheria yenyewe ndiyo iliyomkataza muuzaji. Pombe kali za Kizungu Mwafrika hakuruhusiwa kuuziwa. Chupa ilikuwa halali kwa Mzungu na haramu kwako, kwa rangi tu. Baba yangu alikuwa mpishi wa bwana shamba. Alikuwa anabeba chupa ambazo mwenyewe asingeweza kununua.

Tukapata uhuru. Miaka ya mwanzo ya themanini bidhaa zikaadimika, nikaonja kukataliwa kwa namna nyingine. Unapanga foleni duka la kaya toka alfajiri, ikifika zamu yako unaambiwa sabuni imekwisha. Ukizunguka mlango wa nyuma, mke wa fulani anatoka na kapu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine aliposhukia walanguzi sisi tulishangilia, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na kidonda hicho. Neno "imekwisha" huku pakiti unaiona! Mleta mada, hapo umenirudisha mbali sana.

NyukiMakambako:

Mimi nauza pembejeo. Mada hii imenigusa, nimekaa na simu muda mrefu kabla ya kuandika.

Kuna mwaka alikuja mwanaume ninayemfahamu kwa sura, akataka dawa ya wadudu. Ni bidhaa halali, nauza kila siku. Nikamuuliza shamba ekari ngapi, akanyamaza. Nikamuuliza wadudu gani, akasema yoyote tu. Macho yake hayakuwa ya mtu anayewaza shamba. Nikamwambia leo sikuuzii. Nikamvutia kiti, nikampa chai, nikampigia kaka yake ambaye ni mteja wangu. Alikuja wakaondoka wote, na walimpeleka hospitali. Msimu uliofuata alinunua mbegu kwangu, mifuko miwili. Hatukuzungumza chochote kuhusu siku ile.

Hakuna sheria niliyoisoma siku ile. Lakini kama kuna sheria inayosema lazima nimuuzie kila mwenye hela, hiyo siwezi kuitii. Naomba wakili aniambie.

WakiliNjiapanda:

Dada Nyuki, hakuna sheria ya namna hiyo, na ingekuwepo ningesimama na wewe bure.

KihondaMagorofani:

Nyuki, nimesoma ujumbe wako mara mbili, na mara ya pili nilimsomea mume wangu kwa sauti.

Wewe uliuliza. Uliuliza ekari, uliuliza wadudu, na majibu ndiyo yaliyokufanya ukatae. Kisha hukumwacha aondoke peke yake na shida yake. Nasi tungeulizwa tungejibu. Lini, umetumia dawa gani nyingine, una mimba tayari, haya yote ni maswali ya haki kabisa na mfamasia anapaswa kuyauliza. Kwenye famasi tatu, swali pekee tulilopata ni "ni ya nani". Walipokataa hawakutuambia hata "nenda zahanati fulani". Walitazama pembeni wakamwita mteja anayefuata.

MtoaDawa_Iringa:

Mimi ni mfamasia, na ni mtu wa dini, nayasema yote mawili wazi.

Kwanza dawa yenyewe. P2 ni levonorgestreli, kipimo chake ni miligramu 1.5. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai kutoka. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Wenzangu wengi kwenye kaunta wanakataa wakiamini wanazuia utoaji mimba, na hilo ni kosa la elimu kabla halijawa suala la dhamira. Haifai kuwa njia ya kila mwezi, kwa sababu njia za kawaida zinazuia vizuri zaidi. Akija mtu mara ya tatu ndani ya muda mfupi nakaa naye namweleza sindano, vijiti na kitanzi. Lakini naongea naye huku nimempa.

Pili, kukataa. Nakataa sana. Antibiotiki bila cheti siuzi, hata ukinitukana, na wanaonitukana ni wengi. Dawa za maumivu zenye kulevya nakataa. Sababu zote ziko kwenye dawa, kwenye sheria, au kwenye afya ya aliye mbele yangu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na mzigo moyoni na hizi P2, sitaficha. Msimamizi wangu alinipa utaratibu ambao nafuata mpaka leo: kama wewe dhamira inakusumbua, mwite mwenzako aliye zamu, mteja asijue chochote, asisubiri. Ukiwa peke yako zamu, unauza. Famasi ina leseni ya kuhudumia umma, siyo sebule yako.

Mangi, hapa ndipo duka langu na lako yanapoachana. Wewe ukimkatalia mtu soda, anavuka barabara. Mimi nikikataa saa mbili usiku katika mji wenye famasi moja iliyo wazi, nimemwamulia maisha yake.

Msafwa_Minnesota:

Huku Marekani hili limewagawa watu sana, na sheria zao zinashangaza. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu inayohusu huduma kwa umma, ilitaja hoteli, migahawa, kumbi za burudani na vituo vya mafuta. Maduka ya kawaida ya rejareja hayamo kwenye orodha ile. Kwa ubaguzi wa rangi watu hutumia sheria nyingine ya zamani zaidi, na mengine kila jimbo limejitungia.

Mfano unaoelekea kwenye swali letu: Februari 2018, baada ya mauaji ya watu 17 kwenye shule ya Parkland, Florida, kampuni za Walmart na Dick's Sporting Goods zilitangaza hazitamuuzia bunduki mtu wa chini ya miaka 21. Sheria ya nchi ilikuwa inaruhusu bunduki ndefu kuanzia miaka 18. Kijana wa miaka 20 huko Oregon akazishtaki zote mbili, kwa sababu sheria ya jimbo lile inakataza kumnyima huduma mtu mzima kwa umri wake. Hapo moyo wangu uliganda. Binafsi sitaki mtoto wa miaka 18 apewe bunduki. Lakini hoja yake ilikuwa ileile ya mdogo wako: ni halali, mimi ni mtu mzima, hela ninayo.

Kuna na ile ya keki, Ireland ya Kaskazini. Waoka mikate wa Ashers walikataa kuandika kwenye keki maneno ya kuunga mkono ndoa za jinsia moja. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwapa ushindi kwa sababu walichokataa ni ujumbe, na wangeukataa hata kama ungeletwa na mteja mwingine yeyote. Tukiwa na maoni yoyote juu ya ndoa hizo, kipimo kile nakiona kina akili.

MangiWaKona:

Msafwa, kipimo hicho nimekielewa kuliko vifungu vyote. Kwamba nijiulize: angekuja mwingine na ombi lile lile, ningempa? Ile sigara, nisingempa mtoto yeyote. Ile sukari, nisingempa yeyote kilo 40. Yule dada wa famasi alipoletewa ombi lile lile na mvulana, alitoa. Sawa, hapo nimesalimu.

Lakini niweke na la kwangu mezani, kwa kuwa tunasema ukweli. Kuna kijana mmoja mtaani, watu wanasema ni mwizi. Akija namhudumia akiwa nje dirishani, wengine wanaingia ndani. Hajawahi kuniibia. Nimekuwa nikiita tahadhari. Leo sina uhakika nayo.

MzeeWaUkutu:

Mangi, mruhusu aingie. Kaa karibu na droo yako ya hela, lakini aingie.

KihondaMagorofani:

Wakuu, nirudishe mrejesho.

Kwa ushauri wa MtoaDawa nilikwenda kwenye famasi ya kwanza nikaomba kuonana na mfamasia msimamizi, siyo dada wa kaunta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema hakuna maagizo kama hayo pale, na kwamba yeye hushinda tawi lingine, hapo hupita jioni. Kuhusu mvulana aliyepewa hakuwa na jibu, alishusha pumzi tu. Ameahidi kuzungumza na dada yule. Famasi ya pili hawakutaka mazungumzo. Ya tatu, kaka yule aliniambia tena ni msimamo wake, na safari hii alinitazama usoni, hilo nampa.

Kwa hiyo hizo mbili nimeziandikia barua ya malalamiko kwa Baraza la Famasi, maana Wakili kasema wao wanasimamia wanataaluma na majengo yao kwa Sheria ya Famasi ya 2011, hatuna haja ya kubishana na Ibara ya 13(4) kwanza. Nimeomba jambo moja: famasi ibandike ukutani kwamba mtumishi asiyetaka kutoa dawa fulani lazima amwite mwingine au aelekeze kwa maandishi pa kuipata, bila kuuliza ndoa ya mtu.

Mdogo wangu anaendelea vizuri, hedhi imeanza. Barua hajataka jina lake liwemo. Nilimwambia bila jina itakuwa nyepesi, akasema alishatoa kitambulisho mara moja na hakikumsaidia. Nimeiandika kwa jina langu. Wakili, nimekutumia nakala kwenye ujumbe wa faragha, naomba uipitie kabla ya Jumatatu.